Kaseti za ngoma za Kigogo alizoacha baba: chuo kikuu wanazitaka, nizitoe?

Binti_wa_Mwalimu:

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naomba ushauri kwa wanaojua haya mambo, maana nyumbani tumeshindwa kuelewana.

Marehemu baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Amefundisha vijiji vingi vya Dodoma, upande wa Mpwapwa na baadaye huku Chamwino. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 70 alikuwa na redio kaseti yake, na penye ngoma hakosekani. Ametuachia tranka la bati lenye kaseti kama 40. Nyingi ni C-60, yaani za dakika 60, chache C-90. Juu ameandika kwa wino: "Muheme, akina mama, baada ya mavuno", "Zeze, wazee watatu", "Ilimba usiku", "Hadithi na vitendawili, bibi". (Muheme ni ngoma za akina mama, ilimba ni ile ala ya vyuma ya kupiga kwa vidole gumba.) Nyingine hazina hata neno. Halafu ziko sita zenye alama ya msalaba mwekundu. Mama anasema hizo ni za jando, na baba alikuwa hazipigi hata siku moja watu wakiwepo.

Sasa amekuja mhadhiri wa chuo kikuu kimoja, wana hifadhi ya sauti. Kaja kistaarabu kabisa, kanywa chai, kaacha fomu ya ukurasa mmoja. Fomu inasema natoa kaseti "pamoja na haki zote zilizomo". Kaka anasema tuuze, wazungu wananunua vitu hivi. Baba mdogo anasema zile za msalaba zichomwe moto. Mama anasema fanyeni mtakavyo, ila kwanza yeye asikie sauti ya mama yake, maana bibi yumo kwenye hizo za hadithi.

Mimi nauliza: nizitoe au nisizitoe? Nikizitoa nabaki na nini? Na nikithubutu kuzicheza hazitakatika? Sijagusa hata moja, naogopa.

Chuma_Chakavu:

Dada unajitesa bure. Azima redio ya kaseti, weka simu mbele ya spika, rekodi, tupia YouTube. Nchi nzima itasikia, na ukipata watazamaji unapata na vocha. Chuo kikuu watakufungia kabatini, utasikia tena mwaka wa kiyama.

FundiTepu:

Dada, pole kwa mzee, hata kama ni siku nyingi. Mimi nimezeekea kwenye mikanda. Mpaka nastaafu nilikuwa chumba cha sauti cha chuo kikuu, sitakitaja, kwa hiyo nakujibu kama fundi. Mambo ya sheria wapo wanaoyajua kunizidi.

Huyo wa juu kasema kweli jambo moja, kwamba kuna hifadhi ambazo kitu kikiingia hakitoki. Mengine yote usimsikilize. Spika ya redio na maikrofoni ya simu zinakula nusu ya kilichomo, na hizo sita zikiingia YouTube hakuna wa kuzitoa. Hata ukizifuta wewe, mwingine ameshapakua.

Lakini kabla ya mashine na kabla ya fomu, kwanza ni mama yako. Kaa naye. Kaseti ya C-60 iliyokaa Dodoma, pakavu pale, haina haraka unayoidhani. Ingekuwa Tanga au Dar ningekuambia ukungu umeshaanza. Lenye haraka ni hilo la nani anaimba. Sisi tulikuwa na rafu nzima ya mikanda mikubwa ya rili, sauti safi ajabu, boksi limeandikwa "Ngoma", jina la mkoa, mwaka, basi. Ukiuweka, mwanamke anaimba mpaka unaacha kazi unamsikiliza. Anaitwa nani? Kijiji gani? Ile ni ya harusi au ya msiba? Mtafiti aliyerekodi ameshafariki, dereva wake ameshafariki, na kijiji chenyewe kilihamishwa wakati wa operesheni ya vijiji. Wanafunzi wanakuja, wanasikiliza, wanaandika "mwimbaji hajulikani", wanapata digrii zao. Huyo mama alikuwa na jina, na wakati anarekodiwa kila mtu pale uwanjani alikuwa analijua.

Kwa hiyo chukua daftari. Kila kaseti ipe namba, usibadilishe maandishi ya mzee, wewe andika namba kwa penseli kwenye karatasi ya kasha. Msikilizishe mama, na mama akitaja mtu mwingine aliye hai, nenda kwa huyo. Andika kilichosemwa na aliyekisema. Kama mama anasema ni ya mavuno na jirani anasema ni ya kuombea mvua, andika yote mawili na majina yao. Usiamue wewe. Pale Chamwino kuna tamasha la muziki wa Cigogo, wazee wa vijiji vingi wanakutana. Sehemu kama ile ukiwa na flashi yako na spika ndogo utapata majina mengi kuliko utakayopata chuoni.

Sasa kucheza. Hazitakatika ukiwa na adabu nazo. Fungua kasha, angalia utepe dirishani: ukiona ungaunga mweupe au kijivu kando ya rili, huo ni ukungu, iweke pembeni kwenye mfuko wa peke yake na usiicheze kabisa, itaambukiza mashine na mashine itaambukiza nyingine. Kama ni safi, vunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni, ili hata mtu akikosea akabonyeza kurekodi mashine ikatae. Angalia kile kisponji kidogo kilichokaa katikati nyuma ya utepe. Kikishabanduka sauti inafifia na watu wanadhani kanda imekufa, kumbe gundi tu imekauka. Halafu izungushe mpaka mwisho na uirudishe mwanzo kabla ya kusikiliza, maana imelala miaka, tabaka zimegandana. C-120 ukiikuta, hiyo utepe wake ni mwembamba sana, hiyo usiguse, mpe fundi.

Deki tafuta ya kukaa mezani, siyo redio ya mkononi. Safisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti, safisha na kile kigurudumu cha mpira. Kisha kuna skrubu ndogo pembeni ya kichwa. Hapo ndipo fundi na asiye fundi wanapoachana. Kila mashine ilirekodi kwa mwinamo wake, na kichwa chako kikiwa kimeinama tofauti na cha redio ya mzee, sauti inakuja kama mtu amefunikwa blanketi. Unazungusha ile skrubu kidogo kidogo huku unasikiliza njuga, au ile milio ya juu ya ilimba, mpaka blanketi linafunuka. Ni robo ya robo ya mzunguko. Kila kaseti upya.

Kutoka kwenye deki, waya uingie kwenye kile kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, usiingize kwenye tundu la maikrofoni la laptopu. Hifadhi kama WAV, biti 24, kilohezi 96. Saa moja ya stereo inakula kama GB 2, kwa hiyo mzigo wako wote unaingia kwenye diski ya kawaida na nafasi inabaki. MP3 tengeneza baadaye, kwa ajili ya mama na WhatsApp ya ukoo. Na tafadhali, usisafishe. Vijana wana programu za kuondoa kelele, wanaondoa jogoo, wanaondoa watoto, wanaondoa mtama unaotwangwa nyuma. Hiyo faili ya kwanza ibaki na kila kitu. Ukitaka kupamba, pamba nakala.

Jambo moja zaidi, kwa sababu najua redio kaseti za enzi zile. Zilikuwa na maikrofoni ndani na zilikuwa zinajipandisha na kujishusha zenyewe. Muheme ukipigwa, mashine inashtuka, inashusha kila kitu; sauti za wanaoitikia zinazama, kisha zinarudi polepole. Usidhani utepe umeharibika, ndivyo ilivyorekodiwa. Na betri. Betri zikiisha nguvu mashine ilikuwa inakwenda pole wakati wa kurekodi, kwa hiyo leo ukiicheza kwa mwendo sahihi sauti zinakimbia na kupanda. Mwisho wa upande B wazee wanaimba kama watoto wa darasa la pili. Kwa wimbo wa kawaida unacheka yanaisha. Kwa ilimba ni hasara kubwa, kwa sababu mtu anayetaka kujua zile chuma zilikuwa zimetegwa vipi hawezi kuamini anachosikia. Wajerumani waliliona hilo mapema. Hifadhi ya sauti ya Berlin ilianzishwa mwaka 1900 pale pale chuo kikuu, na wasafiri wao waliopewa mitambo ya kurekodi kwenye nta waliambiwa mwanzoni mwa kila rekodi wapulize kifilimbi cha mlio unaojulikana, hezi 435, ili anayesikiliza baadaye ajue mwendo. Mtafiti wao Mjerumani, Karl Weule, alizunguka na mtambo wa namna hiyo Masasi na Newala mwaka 1906. Zile sauti za kusini ziko Berlin mpaka leo.

Baba yako hakuwa na kifilimbi, lakini kama mwalimu nabashiri alikuwa anatangaza mwanzoni: leo tarehe fulani, tupo kijiji fulani. Hiyo sauti yake ni dhahabu. Linganisha anavyosema mwanzo wa kaseti na anavyosema mwisho, utajua betri zimeanza kufa wapi.

Fomu usitie sahihi bado. Nitarudi, wajukuu wanataka chakula.

Mama_Kapkatet:

Hamjambo huko Tanzania. Mimi niko Kericho, nimeingia hapa kwa sababu hii story ni yetu pia.

Hugh Tracey, yule mzungu aliyekuwa anazunguka Afrika akirekodi muziki, alipita kwetu mwaka 1950, na Tanganyika alifika mwaka huo huo. Hiyo mikanda yake iko Afrika Kusini, kwenye maktaba aliyoianzisha 1954, sasa hivi iko chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes. Kwetu alirekodi ule wimbo wa Chemirocha, unaosikika mpaka Ulaya. Wasichana wanaimba kuhusu Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Amerika waliyekuwa wanamsikia kwa gramafoni, wamemgeuza nusu mtu nusu swara. Mimi nyanya yangu aliuimba jikoni, sikujua dunia nzima inaujua.

Sasa sikiza mambo ya majina ambayo huyo fundi anasema. Kwa ule wimbo limeandikwa jina la msichana kiongozi, halafu wale wengine ni "wasichana wa Kipsigis", yaani kabila letu. Hiyo tu. Nakala zilirudishwa kwetu miaka ya 2010, hao watu wa Rhodes wakishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi. Kutoka 1950 hesabu mwenyewe. Walimkuta mzee mmoja aliyerekodiwa akiwa kijana, bado yuko. Lakini wale wasichana, hata tukikaa kanisani tukiulizana nani alikuwa nani, kila familia inadai wake alikuwemo, na hakuna wa kutoa uamuzi.

Siwasemi vibaya. Bila Tracey hatungekuwa na kitu. Lakini dada, nakala moja ibaki kwako KABLA kitu kitoke kwa mlango. Si baada. Baada ni miaka 60.

Binti_wa_Mwalimu:

Asanteni sana, sikutegemea. Mzee FundiTepu shikamoo.

Nimepata deki kwa fundi redio mmoja hapa mjini, amenisafishia kichwa. Nimeanza na ile iliyoandikwa "Hadithi na vitendawili, bibi". Mama kasikiliza dakika mbili, akasema huyo si bibi! Ni shangazi yake baba, yule aliyeolewa Mpwapwa, anasimulia ya sungura na fisi. Bibi ndiye anayecheka nyuma na kumkatiza, "si hivyo, si hivyo". Kwa hiyo baba mwenyewe aliandika nusu, labda kwa sababu walikuwa nyumbani kwa bibi. Tumeijaza kwenye daftari: 07, upande A, msimulizi shangazi, anayecheka bibi, aliyesema ni mama. Mama kaniambia niirudishe pale anapocheka, nikarudisha, akaanza kumjibu.

Na kweli baba anatangaza mwanzoni. Anatangaza kama redio ya taifa, na kijiji na wilaya.

Imebaki hiyo fomu, na hizo sita. Nimewahi kusikia ndugu upande wa mama aliwapa wageni picha za zamani za ukoo, wakaahidi kurudisha, mpaka leo. Ndiyo maana nyumbani hakuna anayeamini karatasi.

Chuma_Chakavu:

Sawa nimewaelewa wazee, mimi nilidhani ni nyimbo tu. Ila hizo za zeze si ungetuwekea hata moja tusikie? Mimi Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo, nimemsikia tangu mdogo, Mungu amrehemu, sijawahi kusikia wazee wa kijijini wenyewe.

Mgogo_wa_Mvumi:

Mbukwenyi nyote.

Mwanangu Binti wa Mwalimu, baba mdogo wako ana hofu ya kweli ila dawa yake si moto. Kuchoma ni kuamua kwa niaba ya watu ambao hukuwauliza.

Zile nyimbo si za baba yako. Alizirekodi, basi. Na si za baba mdogo wako. Ni za waliopita jando katika kijiji kile, na wale wangariba na wasimamizi wao. Kama baba yako aliruhusiwa kuingia na mashine yake, ujue kuna wazee walimruhusu, na pengine walimwekea masharti. Ule msalaba ndio masharti yenyewe. Tafuta kijiji, nadhani atakuwa amekitaja mwanzoni. Lakini mwanzo huo asikilize kaka yako, wewe usisikilize. Sikwambii kwa ubaya. Hata mimi ziko nyimbo za mabinti kwenye unyago ambazo mke wangu hajawahi kuniimbia na sitamuuliza.

Na hapo kuna jambo watu wa vyuo huwa hawalifikirii. Muheme leo tunauona kwenye sherehe, wanawake wamebana ngoma mapajani wanapiga mbele ya waziri, mtu anadhani kila kitu cha muheme ni cha wote. Siyo. Kuna mapigo ya kuchezwa uwanjani na kuna ya ndani. Kwa hiyo hata zile kaseti zisizo na msalaba, mama yako azisikilize peke yake kwanza, kabla huyo kijana hajawekewa kwenye mtandao. Baba yako alikuwa mwanaume. Alijua la kuwekea msalaba upande wa wanaume. Upande wa wanawake huenda hakujua amerekodi nini.

FundiTepu:

Marahaba binti. Na shikamoo mzee wa Mvumi. Hilo la mwisho alilolisema lirudieni mara mbili. Miaka yangu yote chumbani mle hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo, na ni swali la kazi kabisa: kanda ya saa moja inanakiliwa kwa saa moja, hakuna njia ya mkato, na lazima mtu akae na vipokea sauti masikioni muda wote huo. Ni nani huyo? Kwenye hifadhi nyingi ni kijana yeyote aliye zamu. Kwa hiyo kwenye makubaliano andika: hizo sita zikinakiliwa, zinanakiliwa na mwanaume aliyekubaliwa na wazee wa kijiji, za wanawake zilizotengwa na mama, zinanakiliwa na mwanamke. Chuo chenye nia njema hakitashindwa kupanga zamu.

Sasa fomu. "Pamoja na haki zote zilizomo" hilo likatae. Baba yako hakuwa na haki zote, kwa hiyo na wewe huna za kutoa. Ulichonacho ni kaseti zenyewe na kazi ya kurekodi. Nyimbo ni za watu. Na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 ina sehemu yake kuhusu sanaa za jadi: kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake kunahitaji kibali, kwa hiyo hata kaka akitaka kuuza, aulize COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kwanza ajue anauza nini. Wakenya wana sheria yao ya peke yake ya 2016 kuhusu maarifa na sanaa za jadi, Mama Kapkatet ataijua zaidi.

Mwambie mhadhiri abadilishe maneno. Nimewahi kuandika mengi ya namna hii, nakuwekea, rekebisha utakavyo:

"Familia inakabidhi kaseti kwa ajili ya kutunzwa na kunakiliwa. Kaseti zinabaki mali ya familia, na familia inaweza kuzidai wakati wowote kwa barua. Kabla ya kaseti kuwekwa rafuni, familia itapewa nakala kamili ya kila kaseti kwenye diski, kwa ubora ule ule uliowekwa na chuo. Haki za waimbaji, wapigaji na wasimulizi ni zao na za jamii zao, na hazihamishwi kwa mkataba huu. Daftari la maelezo lililoandaliwa na familia ni sehemu ya mkusanyo, na yeyote atakayetumia rekodi atataja majina yaliyomo humo."

Halafu upande wa nani asikilize nini. Msikubali neno moja la "wazi" au "siri" kwa tranka zima. Ziko za kuwekwa mtandaoni, mfano zeze, kijana wetu apate anachotaka, ila wapiga zeze au watoto wao waulizwe kwanza. Ziko za kusikilizwa pale pale chuoni tu, mtu anakaa, anasikiliza, haondoki na kitu. Ziko za kibali, na kibali kitoke kwa watu mtakaowataja: mama kwa hadithi za ukoo, wazee wa kijiji kwa jando. Mtoa kibali akifariki nani anamrithi? Andikeni. Hapo ndipo nimeona makubaliano mengi yanakwama. Karatasi inasema "kwa idhini ya mzee fulani", mzee hayupo, mkutubi anaogopa kuamua, kanda inakaa imefungwa kwa kila mtu, hata kwa wajukuu wa mzee.

Msije mkadhani nasema msiwape. Wapeni. Tranka la bati chini ya paa la bati, mwezi wa kumi Dodoma, joto lile linapinda kasha na kulegeza gundi. Diski yako ya nje nayo itakufa siku moja bila kuaga, na laptopu ya kaka itaibwa. Chuo kina chumba cha ubaridi usiopanda na kushuka, kina nakala sehemu mbili, na mtu wa kazi hiyo hata ukihama. Makerere wamepokea nakala za rekodi alizofanya mtafiti Klaus Wachsmann Uganda mwanzoni mwa miaka ya 50, zilizokuwa London. Leo mwanafunzi wa Busoga hahitaji viza kusikia muziki wa kwao. Hicho ni kitu kikubwa na familia peke yake haiwezi.

Hizo sita zisiende safari ya kwanza. Zikae kwa mama, ndani ya nyumba, mbali na dirisha, zisimame wima kama vitabu, zisilazwe, na zisiwekwe juu ya spika maana kuna sumaku. Kaka apate dakika moja ya mwanzo, aende kijijini, arudi na jibu. Wakisema zihifadhiwe, zitaenda. Wakisema zirudi kwao, zirudi.

Binti_wa_Mwalimu:

Nimemtumia mhadhiri yale maneno. Kajibu haraka kuliko nilivyodhani, kasema ukweli hiyo fomu waliirithi na hakuna aliyewahi kuipinga. Kakubali karibu yote. Amebisha moja: anasema kwa utaratibu wao lazima kaseti halisi zifike chuoni ndipo nakala itoke, hawawezi kuja kunakilia hapa. Mama hapendi. Mgogo wa Mvumi, kaka anaenda wiki ijayo, kijiji baba alikitaja, ni upande wenu, nitakutumia ujumbe wa pembeni.

Sasa mzee FundiTepu, nikubali zisafiri?

FundiTepu:

Kubali, ila zisafiri kwa mafungu. Fungu la kwanza kumi, ziwe zile ambazo umeshajinakilia mwenyewe na deki ya huyo fundi wako, hata kama nakala yako si nzuri sana. Fungu la pili litoke wakati la kwanza limerudi na diski yake. Ukiona la kwanza linachelewa, umejua la kufanya na hayo mengine.

Zisiende kwenye buti la basi. Apelekaye azishike miguuni, ndani ya boksi gumu, kila moja kwenye kasha lake, na utepe umezungushwa mpaka mwisho wa upande mmoja, siyo umeachwa katikati. Mama aende nazo safari hiyo ya kwanza kama anaweza. Akae na huyo kijana wa zamu, amwambie nani ni nani huku inanakiliwa, na hayo maneno yake nayo yarekodiwe.

Na risiti. Iandikwe kaseti kwa kaseti, namba yako ya penseli, maandishi ya mzee kama yalivyo, urefu, na hali yake: kisponji kipo, hakipo, upande gani haujasomeka. Wakikupa iliyoandikwa "boksi moja la kaseti", irudishe waandike upya ukiwa umesimama hapo hapo.